Rubani na Leseni Yake

Umo shambani, unafukia majani kwenye ntumba. Mara unasikia mlio juu. Watoto wanaacha kuchunga, wanatazama angani, wanapiga kelele: "Ndege! Ndege!" Nawe unaweka jembe chini, unakinga jua kwa kiganja. Ni ndege ndogo. Inapita juu ya Sumbawanga, inaelekea upande wa Ziwa Rukwa, kisha inapotea.

Je, umewahi kujiuliza maswali haya? Nani anairusha ndege ile? Alijifunza nini kabla ya kuruhusiwa? Na ruhusa aliyopewa, ni ya maisha au ina mwisho?

Katika somo hili tutajibu maswali hayo. Pia tutaona kwamba watu wa kijijini nao wana kazi yao katika usalama wa ndege ndogo.

NDEGE NDOGO NI IPI?

Ndege kubwa za abiria hubeba watu wengi na huhitaji uwanja mrefu wa lami. Ndege ndogo hubeba watu wawili, wanne au sita hivi. Nyingi zina injini moja tu. Mbele ya injini pana pangaboi. Pangaboi likizunguka huvuta ndege mbele, na hewa inayopita juu na chini ya mabawa huinyanyua. Bila mwendo, mabawa hayana nguvu. Ndiyo maana ndege hukimbia kwanza ardhini ndipo iruke.

Ndege ndogo inaweza kutua kwenye uwanja wa changarawe, au hata wa majani uliofyekwa vizuri. Kwa hiyo hufika mahali ambapo ndege kubwa haifiki. Tangu mwaka 1957 Madaktari Wanaoruka, wenye makao yao Nairobi, wametumia ndege ndogo kufikia wagonjwa wa Afrika Mashariki. Mmoja wa waanzilishi wao, daktari Michael Wood, alijifunza mwenyewe kurusha ndege ili awafikie wagonjwa wake.

Ukiiona ndege ndogo uwanjani, soma herufi zilizoandikwa ubavuni mwake. Zikianza na 5H, ndege hiyo imeandikishwa Tanzania. 5Y ni ya Kenya. 5X ni ya Uganda. 9J ni ya jirani zetu wa Zambia. Kujua kusoma kunakupa hata habari za ndege.

WATU WAPENDAO NDEGE ZA ZAMANI

Si kila anayerusha ndege anafanya hivyo kwa mshahara. Wako watu wanaorusha kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki au kucheza ngoma siku ya mapumziko. Nairobi, kwa mfano, chama cha warushaji wa ndege wa Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1927.

Baadhi yao hupenda zaidi ndege za zamani. Ndege moja ya namna hiyo huitwa Tiger Moth. Iliruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1931, na zilitengenezwa zaidi ya 8,000. Ina mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Mabawa hayo ni ya mbao iliyovikwa kitambaa. Haina paa. Mtu mmoja hukaa mbele na mwingine nyuma, wakipigwa na upepo. Tangi lake liko katikati ya bawa la juu na huchukua lita 86 hivi za mafuta. Tiger Moth za kwanza hazikuwa na breki, na ili injini iwake, mtu alisimama mbele akalizungusha pangaboi kwa mkono.

Unaweza kusema, "Kwa nini mtu ahangaike na chombo kikuukuu namna hiyo?" Mwulize mzee mwenye baiskeli aliyoinunua ujanani mwake. Ameibadilisha matairi, ameibadilisha mnyororo, na kila Jumapili huipangusa. Haiuzi. Anaijua kila sauti yake. Ndivyo walivyo watu hawa na ndege zao.

Mwezi wa Novemba 2016, kundi la marubani wenye ndege za zamani liliondoka kisiwa cha Krete, nchi ya Ugiriki. Walivuka bahari mpaka Misri. Wakashuka na bara letu la Afrika, wakapita Kenya na Tanzania, mpaka Afrika ya Kusini mwezi wa Desemba. Walisafiri kwa vituo vifupi vifupi, kwa sababu matangi ya ndege hizo ni madogo.

Safari yao iliwakumbusha watu safari nyingine, ya miaka 96 kabla yake. Mwaka 1920 marubani wawili wa Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walitaka kuwa wa kwanza kuruka kutoka Uingereza mpaka Cape Town. Walipita karibu na sisi. Walitua Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Uwanja wa kutulia ulikuwa umefyekwa huko msituni kwa ajili ya njia hiyo ya anga.

Walipofika Bulawayo, tarehe 6 Machi 1920, walijaribu kuruka tena. Ndege yao, Silver Queen, ilikuwa nzito. Mji ule uko juu, na hewa yake ilikuwa ya joto. Ndege ilishindwa kupanda, ikaanguka. Marubani walipona, lakini ndege iliharibika kabisa. Iliwabidi waletewe ndege nyingine, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi.

Marubani hawa walikuwa hodari. Kwa nini basi walianguka? Jibu lake linatuhusu sana sisi tunaokaa Ufipa.

HEWA YA UFIPA NI NYEPESI

Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Mama anayepika anaijua habari hii hata kama hajaisoma kitabuni. Maharage yakipikwa Sumbawanga huchukua muda mrefu kuliko yakipikwa Dar es Salaam. Sababu ni kwamba huku maji huchemka kabla ya kufikia joto la pwani. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hewa inayoyakandamiza ni kidogo.

Hewa hiyo hiyo nyepesi huipunguzia ndege nguvu mara tatu. Injini hupata hewa kidogo, kwa hiyo nguvu yake hupungua. Pangaboi hushika hewa kidogo, kwa hiyo huvuta kidogo. Mabawa nayo hubebwa na hewa kidogo. Ndege ndogo inayoruka baada ya kukimbia mita 300 pwani, huku inaweza kuhitaji mita 500 au zaidi. Jua la mchana likiwa kali, hewa huwa nyepesi zaidi, na ndege huhitaji kukimbia zaidi.

Rubani mwenye busara akiwa Ufipa hufanya mambo haya. Huruka asubuhi wakati hewa ni ya baridi. Hupunguza mizigo. Hupima urefu wa uwanja na kupiga hesabu kabla ya kuwasha injini.

Jambo jingine ni upepo wa mabondeni. Nyanda zetu za juu zinakatika ghafla upande wa Ziwa Rukwa. Kutoka juu mpaka bondeni ni karibu mita 1,000. Upepo unaovuka ukingo kama huo huteremka kama maji ya maporomoko, na unaweza kuisukuma ndege ndogo chini. Rubani asiyelijua jambo hili anaweza kuona milima inapanda mbele yake, kumbe yeye ndiye anayeshuka.

LESENI HUPATIKANAJE?

Mtu haruhusiwi kurusha ndege kwa kuwa ana fedha ya kuinunua. Lazima awe na leseni. Hapa kwetu mwenye kazi ya kutoa leseni hizo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kanuni zake zinafuata mapatano ya mataifa, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1944.

Leseni ya kwanza ni ya rubani binafsi. Kwa kanuni za mataifa, mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 17. Apimwe afya. Afanye mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, injini, kusoma ramani na dira, na kuzungumza kwa redio. Awe ameruka saa 40, nyingine akiwa na mwalimu na nyingine peke yake. Mwisho, mtahini hupanda naye ndege na kumjaribu.

Leseni hii ina mpaka wake. Mwenye leseni binafsi anaweza kumchukua rafiki yake au ndugu yake. Hawezi kuwatoza watu nauli. Anayetaka kulipwa kwa kazi ya urubani lazima apate leseni ya biashara, ambayo inahitaji saa nyingi zaidi na mitihani migumu zaidi.

LESENI HUTUNZWAJE?

Hapa ndipo pana jambo kubwa la somo letu. Watu wengi hufikiri kwamba ukiisha kupata leseni, kazi imekwisha. Sivyo. Leseni ya rubani ni kama shamba. Ukiliacha misimu miwili, magugu hurudi.

Rubani hutunza leseni yake kwa mambo manne.

La kwanza ni afya. Daktari aliyekubaliwa na Mamlaka humpima macho, masikio, moyo na mengineyo. Kanuni za mataifa zinasema kwamba cheti cha afya cha rubani binafsi kisizidi miezi 60 akiwa hajatimiza miaka 40. Akipita umri huo, kisizidi miezi 24. Nchi inaweza kuweka muda mfupi zaidi. Cheti kikiisha, haruki, hata kama anajiona mzima.

Tena kuna afya ya siku ile ile. Mwenye homa ya malaria haruki. Aliyekesha msibani haruki. Aliyekunywa kikombe cha kimpumu jioni asiseme alfajiri kwamba kimekwisha kichwani. Ardhini dereva mchovu anaweza kusimamisha gari kando ya barabara. Angani hakuna kando ya barabara.

La pili ni mazoezi. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni hii: rubani asichukue abiria kama katika siku 90 zilizopita hakuruka na kutua angalau mara tatu. Kwa nini? Kwa sababu mikono husahau. Kutua ni kazi ngumu kuliko zote. Rubani lazima apime kwa macho urefu wa ndege kutoka ardhini, mwendo wake na upepo, vyote kwa wakati mmoja. Kichwa kinaweza kukumbuka maneno ya kitabu, lakini mkono uliokaa miezi sita bila kushika usukani huchelewa. Na kuchelewa kidogo tu karibu na ardhi kunatosha kuua.

La tatu ni kupimwa tena na wanaojua zaidi. Kila baada ya muda uliowekwa, rubani huruka pamoja na mwalimu au mtahini. Mwalimu anaweza kupunguza moto wa injini ghafla na kusema, "Injini imekufa. Utatua wapi?" Rubani lazima achague mahali na kuielekeza ndege huko bila kutaharuki. Pia anayejua ndege ya aina moja si lazima ajue ya aina nyingine. Rubani wa ndege mpya yenye breki na redio akitaka kurusha Tiger Moth, inambidi ajifunze upya, kama dereva wa gari anayepewa trekta.

La nne ni daftari. Kila rubani ana daftari la safari zake. Huandika tarehe, aina ya ndege, alikotoka, alikokwenda na muda aliokuwa angani. Daftari hili ndilo shahidi wake.

Sasa, msomaji, tupige hesabu pamoja. Tuseme rubani mmoja ameandika hivi:

1 Machi: ametua mara moja.
20 Machi: ametua mara moja.
5 Aprili: ametua mara moja.

Tarehe 10 Juni anataka kumchukua mtoto wa jirani ili akalione Ziwa Rukwa kutoka juu. Mtoto amevaa nguo zake za sikukuu, yuko tayari. Je, aende naye?

Hesabu siku 90 kurudi nyuma kutoka tarehe 10 Juni. Utafika tarehe 12 Machi. Kwa hiyo safari ya tarehe 1 Machi imetoka nje ya muda. Zimebaki mbili tu. Rubani huyu hana ruhusa ya kuchukua abiria. Afanye nini? Aruke kwanza peke yake, azunguke, atue salama na kuandika daftarini. Ndipo amchukue mtoto. Mtoto atasubiri nusu saa. Rubani anayeogopa kumwudhi mtoto kwa nusu saa anaweza kuwaliza wazazi wake maisha.

Kutunza leseni ni gharama. Mafuta yana bei, daktari ana malipo yake, na fundi wa ndege naye hulipwa. Ndege yenyewe ina cheti chake, nayo hukaguliwa. Mbao huoza, kitambaa huchakaa, waya hukatika. Kila asubuhi rubani huizunguka ndege na kuigusa. Huteka mafuta kidogo kutoka tangini na kuyatia katika chombo cha kioo, aone kama yana maji. Hapa kwetu, usiku wa baridi wa Juni na Julai, unyevu huweza kugeuka maji ndani ya tangi lisilojaa. Maji hukaa chini, na injini hainywi maji.

Kwa sababu ya gharama hizo, wako wengi waliopata leseni wakaiacha ikafa. Hiyo si aibu. Aibu ni kuruka na leseni iliyokufa.

KAZI YETU SISI TULIO ARDHINI

Rubani anaweza kufanya yote tuliyoyataja na bado akaangushwa na jambo dogo. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kutoka Ujerumani, walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Ndege yake iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba yake alipokufa mwaka 1987, alizikwa karibu naye.

Kwa hiyo, kama kijiji chenu kina uwanja wa ndege karibu, shikeni mambo haya:

1. Msitupe matumbo ya ng'ombe wala takataka karibu na uwanja. Huita tai na mwewe.

2. Msilime wala kuweka ntumba ndani ya uwanja, hata kama haujatumika siku nyingi. Tuta moja linaweza kuvunja gurudumu.

3. Mkisikia mlio wa ndege, ondoeni ng'ombe, mbuzi na watoto uwanjani mara moja. Ndege inayotua haiwezi kusimama ghafla.

4. Msiisogelee ndege mpaka injini izimwe na rubani awaite. Pangaboi linapozunguka kwa kasi halionekani kwa macho. Linaua.

5. Kama uwanja hauna mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, moshi wa moto mdogo mbali kando ya uwanja humsaidia rubani kujua upepo unatoka wapi. Mtu mzima aulinde moto huo usienee.

Kumbukeni kwamba ndege inayokuja huenda imemfuata mama aliyeshindwa kujifungua. Dakika kumi za kufukuza ng'ombe zinaweza kuwa ndizo zake za mwisho.

MWISHO

Ndugu msomaji, nawe pia una cheti cha kutunza. Ulipohitimu kisomo ulifurahi, na ulistahili kufurahi. Lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakiwezi kukusomea barua ya mwanao, wala maandishi ya chupa ya dawa, wala mizani ya mnunuzi wa mahindi. Macho yasiyosoma husahau herufi, kama mikono ya rubani inavyosahau usukani.

Basi fanya kama rubani. Weka daftari. Kila siku andika mstari mmoja: tarehe, ulichofanya, ulichouza, ulichonunua. Siku 90 zikipita, fungua nyuma usome. Utaona kwamba leseni yako bado ni hai.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini maharage hukawia kuiva Sumbawanga kuliko pwani? Jambo hilo linahusianaje na ndege?
2. Kwa nini ndege ya Silver Queen ilianguka Bulawayo?
3. Taja mambo manne ambayo rubani hutunza leseni yake kwayo.
4. Rubani ametua mara moja tarehe 2 Juni, mara moja tarehe 15 Julai na mara moja tarehe 1 Agosti. Je, anaweza kuchukua abiria tarehe 20 Agosti? Na tarehe 20 Septemba?
5. Ni ufundi gani mwingine hapa kijijini ambao mtu akiuacha muda mrefu huusahau?